Labda na Hapana Budi: Mafunzo juu ya Maneno ya Dhana

Somo letu la leo ni juu ya dhana, na juu ya maneno tuyatumiayo kila siku tunapolinena jambo tusilolijua kwa yakini.

Katika darsa yetu ya baada ya Isha kijana mmoja aliuliza: "Sheikh, mtu akisema 'labda fulani ndiye aliyefanya', kisha ikadhihiri kuwa siye, je, ameandikiwa uwongo?" Wenziwe walicheka kidogo, wakaona ni suala la kutafuta mwanya. Mimi sikucheka, kwani suala hilo lina khabari yake kwangu, nami nitaieleza mbele. Nilimjibu usiku ule kwa maneno machache, kisha nikamwahidi kuliandika jibu kwa urefu, ili yeye na wengine wapate kulisoma kwa utulivu.

Neno lililopoteza yakini yake

Tuanze na neno lenyewe alilolitumia kijana, yaani labda. Asili yake ni maneno ya Kiarabu, la budda, na maana yake huko ni kwamba jambo halina pa kuepukia, ni la lazima. Tazameni basi ajabu ya neno hili. Liliingia katika lugha yetu kwa milango miwili. Kwa mlango mmoja limekuwa "hapana budi", nalo limebaki na maana yake ya asili, maana ya lazima. Kwa mlango wa pili limekuwa "labda", likaivua yakini yake yote, likawa ni neno la mtu asiyejua.

Kwa hivyo Mswahili amejaaliwa vyombo viwili mbalimbali. Ajuaye kuwa jambo halina njia nyingine, na aseme hapana budi. Asiyejua, na aseme labda. Msiba wetu ni kuwa mara nyingi twavichanganya. Mtu husema labda akiwa barazani baada ya Alasiri, naye hakukusudia zaidi ya hivyo. Na kabla ya adhana ya Magharibi neno lake limeshakuwa hapana budi katika vinywa vya watu. Siku hizi za simu za mkononi halingoji hata Magharibi: khabari huwa imeshafika Likoni kabla feri haijang'oa.

Daraja za ujuzi

Maulamaa wa usuli walizipanga hali za moyo wa mtu mbele ya khabari kwa daraja, na ni vyema tuzijue. Imamul-Haramayn al-Juwayni, aliyefariki mwaka 478 wa Hijra (1085), amezitaja katika kitabu chake kidogo kiitwacho Waraqat, ambacho wanafunzi wengi huanzia nacho katika elimu hiyo. Maana ya maneno yake ni kwamba dhana ni kuyajuzisha mambo mawili, na moja liwe na nguvu kuliko jengine. Na shaka ni kuyajuzisha mambo mawili, pasiwe na moja lililolizidi jengine. Washereheshaji wakaongeza kuwa ule upande ulio dhaifu, mkabala wa dhana, huitwa wahm. Na juu ya zote hizo iko yakini, ambayo haichanganyiki na uwezekano mwengine.

Nitaleta mfano ili jambo liwe wazi. Umekwenda kumzuru rafiki yako nyumbani kwake. Ukimwona kwa macho yako ameketi ukumbini, hiyo ni yakini kuwa yumo. Ukikuta mlango umerudishwa, lakini viatu vyake viko kizingitini na taa yawaka ndani, hiyo ni dhana kuwa yumo: upande mmoja una nguvu, ingawa huenda amevaa viatu vyengine akatoka. Ukikuta mlango umefungwa, wala hapana alama ya kuwapo wala ya kutokuwapo, hiyo ni shaka. Na kama jirani mwaminifu amekwambia kuwa amemwona asubuhi akipanda basi la Malindi, nawe bado wasema moyoni kuwa pengine amerudi, basi hiyo ni wahm, ambayo ikizidi hugeuka wasiwasi.

Mtu ni yule yule, na nyumba ni ile ile. Kilichobadilika ni dalili, na kwa kubadilika dalili hapana budi neno nalo libadilike. Ambaye ameona viatu tu, kisha akasema "Fulani yumo ndani, nimemwona", amesema uwongo, hata kama fulani yumo kweli. Hakusema uwongo juu ya rafiki yake. Amesema uwongo juu ya ujuzi wake mwenyewe.

Maneno yetu, na uzito wa kila moja

Lugha yetu si maskini katika mlango huu. Inayo maneno ya kila daraja, na ni wajibu wa Mwislamu mwenye kuuchunga ulimi wake ajue alipande lipi.

Kuna maneno ya mtu anayepima kwa ujuzi: kukisia na kukadiria. Kukisia kwatokana na Kiarabu, asili moja na neno kiasi, na maana yake ni kupima kwa jicho au kwa akili palipokosekana mizani. Kukisia hivi si aibu. Mtume (s.a.w.) baada ya kufunguliwa Khaybar mwaka wa 7 wa Hijra aliwaachia Mayahudi waitumikie mitende kwa kugawana mazao, na alikuwa akimtuma Abdallah bin Rawaha (r.a.) ayakadirie matunda yangali mtini. Na sisi hapa pwani twawajua wanunuzi wa nazi ambao hutazama mnazi kwa chini, wakataja idadi, na wakwezi waangushapo wakaiona idadi hiyo haikupotea mbali. Huyo ana jicho lililofunzwa kwa miaka. Asiye na jicho hilo, akitaja idadi, hakukisia, amebahatisha. Kubahatisha ni kutupa neno na kuiachia bahati ilipeleke. Wawili hawa hawawi sawa hata wakitaja idadi moja.

Kuna maneno ya mtu anayekiri kuwa hajui: labda, huenda, pengine, yamkini, asaa. Haya ni maneno ya adabu. Yamkini asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kuwa jambo lamkinika, halikatazwi na akili. Asaa ni neno la kutaraji, na lapendeza zaidi katika kheri. Pengine ni neno letu wenyewe, kana kwamba msemaji anasema: mimi nimesimama hapa, na ukweli waweza kuwa pahali pengine. Lau watu wangalilikumbuka hilo kila walisemapo, fitina nyingi zingalikufa kabla hazijazaliwa.

Kuna maneno ya mtu anayemwelekeza mwenziwe kidole: kushuku na kutuhumu. Haya si maneno ya kujua wala si ya kupima. Ni dhana iliyokwisha kuchagua upande mbaya, na ikachagua mtu wa kumtwika.

Tena kuna maneno ya mtu anayejificha nyuma ya watu: ati, yasemwa, wasema, nimesikia. Na mfano wake ni uvumi, ambao ni kama upepo uvumao. Hujui ulikotoka, wala hapana awezaye kuushika mkono ukaulizwa. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) alilishutumu neno la "wamedai", akalifananisha na mnyama mbaya wa kupandwa, ambaye mtu humtumia kufikia haja yake. Ndiyo ati yetu hii. Mtu humpanda ati, akasafiri naye mji mzima, na akifika kwa kadhi hushuka na kusema: Mimi sikusema, nimesikia tu.

Na chini ya yote kuna kuzua na kusingizia, kumtungia mtu jambo ambalo mtungaji ajua halipo. Huyu hana dhana wala shaka. Huyu ana yakini, nayo ni yakini ya uwongo wake. Hatumzungumzii leo, kwani hukumu yake ni dhahiri. Twawazungumzia watu wema, wenye kusali na kufunga, ambao hawazui kitu, bali hulipandisha neno daraja moja tu. Alilolishuku mmoja, wa pili akalidhani. Alilolidhani wa pili, wa tatu akalijua. Na hapana hata mmoja kati yao anayejiona kuwa ni mwongo.

Namna maulamaa walivyozichunga tamko zao

Msidhani kuwa haya ni mambo ya wanavyuoni kucheza na maneno. Elimu ya hadithi yote imesimama juu yake. Wanapoinukuu khabari ambayo kwao imethibiti, maulamaa hutumia tamko la kukata: "amesema", "amefanya", "ameamrisha". Na inapokuwa khabari ina udhaifu hutumia tamko la kutokata: "imepokewa", "imesimuliwa", "imesemwa". Na Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ambaye vitabu vyake ndivyo tulivyolelewa navyo sisi watu wa madhehebu ya Shafi, aliwakemea katika utangulizi wa Majmuu wale watungaji wanaoisema hadithi dhaifu kwa tamko la kukata, na hadithi sahihi kwa tamko la udhaifu. Aliliona hilo kuwa ni kuyapotosha mambo na kuyatoa mahali pake. Na katika utangulizi wa Minhaj ameeleza kwamba akitumia tamko la "imesemwa" basi kauli hiyo ni dhaifu, na iliyo sawa ni kinyume chake. Kila tamko kalipa kazi yake, ili msomaji asichukue kilicho dhaifu akakiona kizito.

Basi ikiwa Imam Nawawi alichelea kusema "amesema" mahali pa "imesemwa" katika mas-ala ya twahara na sala, sisi tuna idhini gani ya kusema "amefanya" mahali pa "yasemwa ati amefanya" katika heshima ya mke wa mtu au mtoto wa mtu?

Dhana iliyo halali na dhana iliyo haramu

Wengine wakisikia haya hudhani kuwa dhana yote ni haramu, na hilo nalo ni kosa. Msafiri asiyeijua qibla, wala hana wa kumwuliza, hujitahidi kwa alama, akasali kwa ile dhana yake. Siku ya mawingu mtu hujitahidi kuujua wakati wa sala. Kadhi naye huhukumu kwa mashahidi waadilifu, na huenda nao wakakosea. Lau sheria ingalitaka yakini katika kila jambo, watu wasingaliweza kuuza wala kununua wala kuhukumiana. Tena katika Qur-ani yenyewe lafdhi ya dhana hutumika mara nyengine kwa maana ya yakini, kama walivyofasiri maulamaa aya ya 46 ya Suratul-Baqara na aya ya 20 ya Suratul-Haqqa, zinazotaja kukutana na Mola na kukutana na hisabu.

Na dhana isipokuwa na nguvu, sheria imetufunza namna ya kuiweka kando. Aliyeingiwa na shaka ndani ya sala kuwa amesali rakaa tatu au nne, amefundishwa aitupe shaka na ajenge juu ya aliyo na yakini nayo, nayo ni tatu. Aliye na udhu, akashuku kuwa umevunjika, amefundishwa asitoke katika sala mpaka asikie sauti au apate harufu. Kutoka katika hayo maulamaa wakaiweka kanuni kubwa, kwamba yakini haiondolewi na shaka, na Imam Suyuti, aliyefariki mwaka 911 wa Hijra (1505), ameihesabu katika kanuni tano ambazo fiqhi yote hurejea kwake.

Sasa ipimeni kanuni hiyo, ndugu zangu. Ukimjua Mwislamu mwenzio kwa wema miaka kumi, wema wake kwako ni yakini. Kisha ikakujia tetesi ya siku moja. Twaihifadhi yakini ya udhu wetu isivunjwe na shaka. Je, heshima ya ndugu yetu ni duni kuliko udhu wetu?

Dhana iliyo haramu ndiyo iliyotajwa katika Suratul-Hujurat, aya ya 12. Waumini wameamrishwa humo wajiepushe na nyingi katika dhana, kwa kuwa baadhi yake ni dhambi. Angalieni hekima: dhambi ni baadhi, na amri ni kujiepusha na nyingi, kama mtu aiepukaye njia nzima kwa ajili ya shimo moja lisiloonekana gizani. Na angalieni mpango wa aya. Kwanza imekataza dhana, kisha ikakataza kupelelezana, kisha ikakataza kusengenyana. Na hivyo ndivyo jambo liendavyo kwetu. Mtu hudhani, dhana haimtoshi, hupeleleza, akipata nusu ya kitu, hawezi kukaa nacho, hukipeleka barazani.

Mwezi mmoja wa Madina

Mfano ulio mkubwa kuliko yote ni ule wa mama yetu Aisha (r.a.). Katika kurejea vita vya Banul-Mustaliq, mwaka wa 5 au wa 6 wa Hijra kwa khitilafu ya wanahistoria, alichelewa kwa kuutafuta mkufu wake uliopotea, na msafara ukaondoka ukidhani kuwa yumo ndani ya kipando chake. Safwan bin al-Muattal (r.a.), aliyekuwa nyuma ya jeshi, akamkuta, akampandisha juu ya ngamia wake, akaongoza kwa miguu mpaka wakaliwahi jeshi. Walilolishuhudia watu ni hilo tu: mwanamke juu ya ngamia, na mwanamume akiongoza. Yaliyozidi hapo yote yalikuwa ni maneno.

Mnafiki alizua. Lakini si wote waliosema walikuwa wanafiki. Waumini wa kweli nao waliteleza, miongoni mwao Mistah, aliyepata kupigana Badri, na Hamna bint Jahsh. Mji ukakaa kiasi cha mwezi mzima, wahyi haushuki, na binti Abubakar akilia mpaka wazazi wake wakachelea kuwa kilio kitampasua ini. Kisha ikashuka Suratun-Nur kumtakasa. Na aya zake zikawalaumu waumini kwa mambo mawili: kwanza, kwa nini hawakudhaniana kheri tangu mwanzo, na pili, kwa kulipokea neno kwa ndimi na kulisema kwa vinywa bila ya ujuzi, wakiliona jepesi, nalo mbele ya Mwenyezi Mungu ni zito.

Mwangalieni katika kisa hicho Bibi Zaynab bint Jahsh (r.a.). Alikuwa mke mwenza, na ndiye aliyekuwa akishindana na Bibi Aisha kwa daraja mbele ya Mtume (s.a.w.). Na nduguye Hamna alikuwa akisema na wasemao. Mtume alipomwuliza, alijibu kwa maana ya kuwa anayahifadhi masikio yake na macho yake, na kwamba hajui ila kheri. Hakusema "labda". Alikuwa na nafasi ya kulisema, na hapana ambaye angalimlaumu. Alisema alilolijua, akasita hapo.

Khabari yangu mwenyewe

Niliahidi kueleza kwa nini sikucheka. Nilipokuwa mwalimu kijana katika madrasa moja, iliponipotea bahasha ya ada za wanafunzi. Palikuwa na mvulana yatima wa miaka kumi na mitano, ambaye ndiye aliyekuwa akifagia na kushika ufunguo. Siku ya pili yake alikuja amevaa viatu vipya. Nikamwambia mwalimu mwenzangu mmoja, na mimi nikijiona nimechunga ulimi: "Sina yakini, lakini huenda akawa ni yule." Sikuzidisha neno.

Haikutimia wiki, nikiwa kwa kinyozi, nikasikia mtu asemaye kuwa Maalim amemgundua mwizi wa madrasa. Sikumkanusha vya kutosha. Nilisema tu kuwa jambo halijathibiti, nao wakaona ni unyenyekevu wangu. Mvulana hakuulizwa na mtu. Ufunguo ulichukuliwa, wenziwe wakawa wanasogeza mikoba yao akikaa karibu, na yeye akafahamu. Alikuwa amehifadhi juzuu kumi na moja. Asubuhi moja hakuja, tukaambiwa amekwenda kwa mjomba wake Malindi.

Baada ya miezi miwili nilifungua daftari la mahudhurio la mwaka uliopita, nikaikuta bahasha ndani yake, pale nilipoiweka kwa mkono wangu. Na viatu, alivinunuliwa na mjomba.

Nilisafiri kumtaka radhi. Alinipokea kwa adabu, akanibusu mkono, akasema: "Nimekusamehe, Maalim." Kisha nikarudi nikaanza kuzunguka barazani kwa wote waliosikia, nikijikadhibisha, kwani toba ya jambo kama hilo haitimii bila ya hivyo. Wengine walinisikiliza. Wengine walisema kuwa Maalim ana huruma, anamsitiri kijana. Neno langu la kwanza walilisadiki nusu yake, na neno langu la mwisho hawakulisadiki lote. Maji yakimwagika hayazoleki. Na mvulana, ijapokuwa alinisamehe, hakurudi kusoma.

Basi jibu la suala la kijana ni hili. Aliyesema labda, na moyoni mwake ni labda kweli, hakuandikiwa uwongo. Lakini labda humkinga msemaji na uwongo tu. Haimkingi aliyesemwa na fedheha. Neno "huenda" nililiweka mbele kwa ajili ya kujilinda mimi, na katika mkono wa pili likadondoka, likabaki jina la mtoto wa watu. Kwa hivyo katika bei ya nazi, na upepo wa kusi, na wakati wa kufika basi, semeni labda na huenda mpendavyo. Ama katika heshima ya mtu, dhana isiyo na haja ya kisheria haisemwi hata kwa labda. Mwenye haja na ampeleke mwenyewe kando amwulize, au ampelekee kadhi alicho nacho, kwa daraja yake, bila ya kukipandisha.

Methali ituhukumuyo

Watu wetu wakikatazwa uvumi hujibu kwa methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii yafaa kwa hadhari. Mtu akisikia kuwa maji yatakatika mtaani, na ajaze mapipa yake, hapotezi kitu. Lakini kuifanya ni ushahidi juu ya mtu ni kuidhulumu methali na kumdhulumu mtu. Madina ilisemwa jambo mwezi mzima, na halikuwapo wala halikuja. Methali ifaayo hapa ni ile isemayo: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Na upande wa pili wa somo hili ni kuwa mtu naye ajiepushe na pahali pa kudhaniwa. Usiku mmoja Mtume (s.a.w.) akiwa katika itikafu alitoka kumsindikiza mkewe Bibi Safiyya (r.a.). Wakapita Maansari wawili, wakaharakisha mwendo. Akawasimamisha, akawajulisha kuwa yule ni Safiyya, akihofia Shetani asije akatia kitu nyoyoni mwao. Kama Mtume mwenyewe hakuona taabu kueleza, sisi tusione kuwa ni kujidhalilisha kueleza. Mwenye kushika mali ya msikiti au ya madrasa na aandike, na aonyeshe daftari kabla hajaulizwa. Lau mimi ningaliandika ile bahasha niliiweka wapi, dhana isingalipata mlango.

Khatima

Imepokewa kwamba Imam Malik, aliyefariki mwaka 179 wa Hijra (795), aliulizwa masuala 48, na katika 32 akajibu kuwa hajui. Sisi katika baraza zetu huulizwa 48 tukajibu 50. Basi wiki hii kila mmoja wetu ajaribu jambo moja. Kila atakapotaka kusema jambo la mtu, ajiulize kwanza: Je, hili nimeliona, au nimelidhani, au nimelishuku, au nimelisikia? Akishajua daraja yake, aulize tena: Je, pana haja ya kulisema? Naamini kuwa mengi yatakwama katika suala la pili.

Na maulamaa wetu walikuwa wakimaliza fatwa zao kwa kusema kuwa Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi. Wengi wetu huliona neno hilo ni pambo la mwisho wa karatasi. Bali nalo ni neno la daraja: mwandishi akiri kuwa jitihada yake imefika hapo, na kuwa elimu kamili haiko kwake. Nami namalizia hivyo hivyo, na namwomba Mola anighufirie yaliyopita, na ampe yule mvulana, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto, kheri ya dunia na Akhera.

Wallahu aalam.